Maharage Hayana Kosa: Kuelewa na Kutibu Vidonda vya Tumbo kwa Watoto



Kliniki ya watoto imenifunza kuuliza swali ambalo sikulikuta katika vitabu nilivyosomea: "Mama, mtoto huyu amekatazwa kula nini?" Jibu huja bila kusita. Maharage. Nyanya. Machungwa. Ndimu. Kisha mama hufungua mkoba na kutoa karatasi ya kipimo cha damu iliyoandikwa "H. pylori, chanya". Tangu apewe karatasi hiyo, mtoto wake wa miaka 7 anakula ugali kwa mchuzi mwepesi. Tumbo bado linauma, na sasa amekonda.

Mtoto huyo ndiye aliyenileta mbele yenu jioni ya leo. Hoja yangu ni hii: jina la vidonda vya tumbo tunawapa watoto upesi mno, na pale vidonda vilipo kweli, tunavitibu nusunusu.

Tumbo hutoa asidi kali ya kuyeyusha chakula, na hujikinga nayo kwa ute unaofunika ukuta wake. Kinga hiyo ikiharibika, asidi huuchimba ukuta. Hapo ndipo kidonda huanza, ama tumboni kwenyewe, ama katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwa miaka mingi lawama ilibebwa na pilipili na mawazo. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha maabarani bakteria waliyemkuta katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakusadiki kwamba bakteria huyo huleta vidonda, hata Marshall akanywa bakteria hao yeye mwenyewe mwaka 1984, na tumbo lake likaugua. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, huambukizwa zaidi utotoni, tena nyumbani, kwa mate, matapishi, maji machafu na mikono isiyooshwa. Lakini walio wengi kati ya wanaoishi naye hawapati kidonda maisha yao yote. Na kipimo cha damu hutafuta kingamwili tu: kinaonesha kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria. Hakithibitishi kwamba bado yupo, wala hakioni kidonda. Ndiyo maana miongozo ya mabingwa wa tumbo la watoto haikubali mtoto aanzishiwe tiba kwa karatasi ile peke yake.

Basi tumbo la mtoto linauma kwa nini? Huenda ni minyoo, jiadia, kufunga choo, maambukizi ya njia ya mkojo au selimundu. Mara nyingi ni maumivu ya kweli yasiyo na kidonda chochote: neva za utumbo zimekuwa nyepesi kuhisi, na hofu ya shule au ugomvi wa nyumbani huyazidisha. Mtoto wa namna hii hadanganyi. Anahitaji kusikilizwa kabla ya kumezeshwa vidonge.

Lakini zipo dalili zisizosubiri: maumivu ya chembe cha moyo yanayomwamsha usiku, kutapika kila mara, kupungua uzito, na kupauka kwa upungufu wa damu usiopona kwa dawa za kuongeza damu. Akitapika damu, au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Huko, kipimo cha kuaminika ni endoskopi: daktari hupitisha kamera ndogo mdomoni hadi tumboni na kuchukua kipande cha ukuta kwa uchunguzi. Aulize pia dawa alizokunywa mtoto, kwa sababu diklofenaki, ibuprofeni na aspirini nazo huchubua tumbo.

Bakteria akithibitishwa na kidonda kikaonekana, tiba ipo na inaponya. Kwa kawaida ni dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kwa siku 14. Shida huanza maumivu yanapotulia katika siku za mwanzo: dozi inaachwa, vidonge vilivyobaki anawekewa mdogo wake, na bakteria aliyesalia anakuwa sugu. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna hupooza kiungulia, lakini havimuui bakteria. Wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza dozi, mtoto arudi apimwe choo au pumzi, tujue kama amepona.

Na maharage? Hayaleti kidonda. Chakula kinachomuumiza mtoto dhahiri kipumzishwe kwa muda, kisha kirejeshwe. Katika nyumba nyingi maharage ndiyo nyama ya kila siku. Kumnyima mtoto ni kumwongezea utapiamlo juu ya ugonjwa.

Ndugu zangu wa maabara na maduka ya dawa, msiuze jibu ambalo kipimo chenu hakina. Wanafunzi wangu, mshikeni mtoto tumbo kabla ya kushika kalamu. Wazazi, wanawisheni watoto kwa sabuni, chemsheni maji ya kunywa, msiwatafunie chakula, malizeni dozi. Na jioni hii mkifika nyumbani, mrudishieni mtoto sahani yake ya maharage.