Sauti Inayotetemeka: Nyimbo Adimu za Talat Mahmood na Waliozitunza

(Maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa mbele ya jamaa zetu wa Afrika Mashariki hapa Uingereza)



Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mlioletwa hapa na wazazi wenu bila ya hiari yenu. Wenyeji wetu wameniomba nizungumze jambo la kutuliza roho, kwa sababu tangu alasiri tumekuwa tukibishana juu ya uchaguzi, uraia wa nchi mbili na mashamba ya watu. Nimekubali. Lakini nawaambia mapema kwamba kwetu sisi watu wa pwani hata nyimbo za picha za Kihindi hazikuepukana na siasa, na anayetaka kulala usingizi na alale sasa hivi.

Nataka kuzungumza juu ya Talat Mahmood. Sitakaa sana kwenye zile nyimbo zake ambazo kila mtu wa umri wangu anazijua. Nataka zile adimu, zile ambazo ukitaka kuzisikia ilikulazimu umjue mtu, naye amjue mtu mwingine mwenye santuri.

Kwanza niwaeleze vijana. Katika sinema ya Kihindi, yule unayemwona akizunguka mti na kufungua mdomo siye anayeimba. Mwimbaji yuko nyuma ya pazia, sauti yake imekwishanaswa studioni, na mchezaji anafuatisha midomo tu. Raj Kapoor alipoimba katika Awara mwaka 1951, iliyokuwa ikitoka sana ni sauti ya Mukesh. Dilip Kumar alipolia katika Tarana (1951), Daag (1952) na Foot Path (1953), aliyekuwa analia kwa hakika ni Talat. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nyimbo hizi tulizipokea mara mbili: mara moja redioni na sinema, mara ya pili arusini, kwa maneno ya Kiswahili. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wa kuyapanda mahadhi ya Kihindi kwa mashairi yetu. Walikuwapo watoto mtaani kwetu wakiapa kwa Mungu kwamba Wahindi ndio walioiga.

Talat alizaliwa Lucknow tarehe 24 Februari 1924, mji wa Kiurdu cha adabu na ghazali. Alianza kuimba katika redio ya mji huo akiwa kijana wa miaka kama 16. Baadaye akaenda Calcutta, na mwaka 1944 akatoa santuri ya ghazali isiyokuwa ya picha yoyote, Tasveer Teri, shairi la Faiyyaz Hashmi na muziki wa Kamal Dasgupta. Santuri ile ilimpa jina Bara Hindi nzima kabla hajawa mwimbaji wa Bombay.

Adimu yangu ya kwanza inatoka Calcutta hiyohiyo. Huko Talat aliimba pia nyimbo za Kibengali, lakini kwenye santuri zile hulikuti jina lake. Utakuta Tapan Kumar. Kijana wa Kiislamu wa Lucknow aliuzwa kwa Wabengali kwa jina la Kihindu, kama vile Yusuf Khan wa Peshawar alivyouzwa kwa dunia nzima kwa jina la Dilip Kumar. Ndugu zangu, wangapi humu ndani wameandika barua ya kuomba kazi na kulikata jina lao katikati ili meneja asishtuke? Sisemi Talat alilazimishwa kwa bakora. Biashara ilikuwa hivyo na yeye alitaka kuimba. Ninachosema ni kwamba ukizisikiliza nyimbo zile leo, jina ni la mtu mwingine lakini sauti haikubali kubadilishwa. Sekunde tatu tu, umeshamjua.

Na utamjua kwa nini? Kwa ule mtetemo. Sauti ya Talat ina mtetemo mwembamba, mfano wa maji ya kikombe mtu anapopita karibu na meza. Alipofika Bombay mwaka 1949 walikuwapo waliosema ule mtetemo ni kasoro, ni woga wa kipaza sauti, naye akaanza kujitahidi kuuficha. Mtunzi Anil Biswas ndiye aliyemrudisha. Alimtaka Talat yule mwenye kutetemeka, si huyu aliyejinyoosha. Wakatoa wimbo wa picha ya Arzoo mwaka 1950, wa Dilip Kumar, na tangu siku ile kasoro ikawa ndiyo alama ya biashara. Nalitaja hili kwa ajili ya vijana wanaoambiwa kazini kwamba lafudhi zao zinachosha wateja.

Sasa siasa yenyewe. Mwaka 1952 waziri wa habari wa India, B. V. Keskar, aliziona nyimbo za picha kuwa uchafu unaoharibu taifa, na redio ya serikali ikaacha kuzipiga. Serikali ilitaka wananchi wasikilize muziki wa heshima. Wananchi walifanya nini? Hawakuandamana wala hawakurusha jiwe. Walizungusha kitufe mpaka Redio Ceylon, iliyokuwa ikirusha matangazo kwa masafa mafupi kutoka kisiwa cha pili, na mwisho wa mwaka uleule kijana aitwaye Ameen Sayani akaanza kipindi cha Binaca Geetmala kilichokusanya bara zima mbele ya redio kila wiki. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1957, serikali ilisalimu amri ikafungua idhaa yake ya burudani, Vividh Bharati. Miaka hiyo ndiyo miaka ya dhahabu ya Talat. Nyimbo alizoimba katika Patita, Sangdil na Mirza Ghalib zilikua zikiwa hazitakiwi nyumbani kwao, zikilelewa na redio ya jirani. Sisi tuliokuwa tukitafuta habari za nchi zetu BBC usiku, kwa sauti ya chini, tunakijua kitufe hicho.

Mwaka 1956 Talat alikuja Afrika Mashariki kuimba mbele ya watu. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa picha wa mwanzo kabisa kufunga safari ya maonyesho nje ya India, na safari yenyewe ilikuwa kwetu. Hakuanzia London wala New York. Kwa nini kwetu? Kwa sababu wasikilizaji walikuwapo: Wahindi wa madukani na wa reli, na Waswahili ambao Kiurdu hawakijui lakini maneno wanayaokota. Mtu akisikia dunia, safari, wakati, habari, maskini na roho katika wimbo mmoja, hawezi kuambiwa kwamba wimbo huo ni wa wageni. Maneno yale yalipita Uarabuni na Uajemi yakagawanyika, mengine yakaenda Lucknow, mengine yakaja Lamu.

Adimu yangu ya pili ni ya Pakistani. Mwaka 1962 ilitoka Karachi picha iitwayo Chiragh Jalta Raha, na ndani yake Talat aliimba kwa muziki wa Nihal Abdullah. Fikirini tarehe hiyo. Ilikuwa miaka 15 baada ya Bara Hindi kukatwa mapande mawili na damu ya watu kumwagika kwenye magari moshi. Talat alibaki India, lakini sauti yake ilivuka mpaka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1965, nchi zile mbili ziliingia vitani na milango ya sinema ikafungwa. Kwa hiyo nyimbo zile zikawa mayatima: India hazikujulikana, na Pakistani mwimbaji wake akawa mtu wa nchi ya adui. Waliozihifadhi ni watu waliokuwa na ndugu pande zote mbili.

Mimi nilizisikia Leicester. Nilijuana na mzee mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Uganda na hasira zake zilikuwa za Kigujarati. Amefariki sasa, Mungu amrehemu. Amin alipowapa siku 90 mwaka 1972, mzee huyu alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Fedha walizoruhusiwa kutoka nazo ni pauni 50 hivi. Katika sanduku lake alitia santuri 11, kila moja imezongwa kwa sari ya mkewe, kwa sababu santuri za zamani zilitengenezwa kwa lakiri na zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo.

Njiani kwenda Entebbe kulikuwa na vizuizi vya askari. Alinisimulia hivi: "Bwana, askari akachukua saa yangu. Akachukua bangili ya mama mtoto. Akafungua sari, akaona santuri, akauliza, nini hii? Nikasema, nyimbo za Kihindi, afande. Akacheka. Akasema, hizo peleka."

Hizo peleka! Moja ilivunjika ndani ya ndege, zikafika 10. Miaka iliyofuata alizidi kutafuta, akiandikiana na watu Nairobi, Durban, Karachi na Toronto, wakibadilishana kanda kwa posta. Sebuleni kwake ndiko nilikosikia nyimbo za Tapan Kumar, zile za Karachi, na nyimbo za Lala Rookh ya mwaka 1958, picha ambayo Talat mwenyewe alicheza na Khayyam akaipa muziki, na ambayo hata Wahindi wengi hawaikumbuki. Tulikuwa tukikaa pale na chai ya maziwa, yeye akinitafsiria Kiurdu kwa Kiswahili, mkewe akimsahihisha kwa Kigujarati, na nje theluji inaanguka.

Hapa lazima niseme neno ambalo huenda halitapendeza. Wakati watu wale wanaondoka, wapo wetu walioshangilia. Manung'uniko juu ya bei za madukani, mikopo na dharau yalikuwa na msingi wake, sikatai, nimekulia humo. Lakini kumhesabia mtu makosa yake ni jambo moja, na kumwondoa yeye na mtoto wake wa wiki sita ni jambo jingine. Na Unguja mwaka 1964 watu wa asili mbalimbali waliondoka kwa vilio vilevile, na baadhi ya watoto wao wamo humu ukumbini. Tunapodai leo kwamba tutendewe haki katika nchi za watu, tukumbuke nasi tulikuwa wenye nyumba siku moja, na tuliwatendeaje wageni wetu.

Nirudi kwa Talat. Kufikia miaka ya 1960 mambo yalibadilika. Muziki ukawa wa kelele na kuruka, na watunzi wakataka sauti za kupanda mlima. Yule aliyekuwa akinong'ona akakosa kazi. Mwaka 1964 Madan Mohan alimwita kwa picha ya Jahan Ara, na inasimuliwa kwamba alimng'ang'ania ingawa wenye fedha walitaka mwimbaji wa soko. Picha ilianguka vibaya. Nyimbo zake hadi leo zinapigwa. Baada ya hapo Talat aliimba zaidi jukwaani kuliko studioni, na alisafiri hadi Royal Albert Hall hapa London. Waliojaza viti katika safari zake ni nani? Ni watu waliohama. Soko la Bombay lilipomchoka, walio mbali walikuwa bado wanamtaka. Mwaka 1992 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan, na akafariki Mumbai tarehe 9 Mei 1998. Katika maisha yake yote aliacha nyimbo 700 na kitu tu, wakati wenzake wanahesabiwa kwa maelfu. Kwa uchache huo, kila moja inayopotea ina uzito.

Mtaniuliza, basi nyimbo hizi ni za nani? Wapo ndugu zetu nyumbani wanaosema taarabu ya mahadhi ya Kihindi ni kasumba, ni kuiga, tuitupe tubaki na vya asili. Na India wapo wanaosema Kiurdu si chao. Mimi jibu langu ni jepesi. Wimbo ni wa aliyeutunza. Serikali moja iliuzuia redioni, mpaka ukaukata vipande viwili, soko likauchoka, na mtu aliyefukuzwa nchini kwake akauzonga ndani ya sari. Kama kuna mwenye hati ya kumiliki inayoshinda hiyo, na ailete tuisome.

Ombi langu moja kwenu kabla ya chakula. Majumbani mwenu mna kanda: za arusi za Mombasa na Tanga, za marehemu wajomba wakipiga udi, za taarabu iliyorekodiwa Unguja kwa tepu ya mezani. Nyingi hazina hata jina juu yake. Aliyeimba mnamjua nyinyi, na mkiondoka hatamjua mtu. Kesho chukueni kalamu, muandike jina la mwimbaji, mji na mwaka, kisha mtoeni kijana mmoja wa nyumba aziingize kwenye kompyuta. Msingoje wizara ya utamaduni wala chuo kikuu. Santuri 10 za Jinja zilifika salama bila ya wizara yoyote.

Na vijana, mkifika nyumbani tafuteni ile ya Sujata, ya mwaka 1959, ambamo kijana anamwimbia msichana kupitia simu, naye amesimama upande wa pili analia hawezi kujibu. Si adimu hata kidogo. Lakini mama zenu waliowahi kupanga foleni kwenye kibanda cha simu, na sarafu mkononi, watawaambieni kwa nini wanaipenda.