Akaunti za Kikundi Mitandaoni: Ni Nani Mwenye Ufunguo?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Kila tunapowatembelea mnatuuliza: tufanye nini na hizi akaunti za kikundi kwenye simu? Kikundi kiko Facebook, kiko WhatsApp, kijana mmoja amefungua Instagram, mwingine TikTok. Milango ni minne, lakini mwenye ufunguo hajulikani.

Tuanze na swali. Akaunti yenu ya benki ina watia sahihi wangapi? Watatu, vizuri sana. Na ukurasa wenu wa Facebook je? Hapo tunanyamaza. Mara nyingi ni mmoja tu, yule kijana aliyeufungua kwa simu yake. Akipata kazi Nairobi, akiibiwa simu, au akikosana na wenzake, ukurasa unaenda naye. Wateja wa asali wanaendelea kuuliza bei pale pale, na hakuna wa kuwajibu. Jina jema mlilolijenga kwa jasho la miaka limebaki mikononi mwa mtu mmoja. Hata akiwa mtu mwema, hiyo si njia ya kutunza mali ya wengi.

Basi tushike mambo matano.

Kwanza, akaunti ni mali ya kikundi, kama mizinga au tangi la maji. Iandikwe katika daftari la mali. Facebook inaruhusu ukurasa mmoja uwe na wasimamizi kadhaa, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kupitisha neno la siri mkono kwa mkono. Chagueni watatu mkutanoni. Mmoja akihama, aondolewe, mwingine awekwe, na muhtasari uandikwe.

Pili, msifungue nyumba msiyoweza kuifagia. WhatsApp inafaa kwa wanachama na wateja mnaowajua. Facebook inawafikia majirani na watoto wetu walio mjini. TikTok ni ya video fupi. X, iliyoitwa Twitter hadi 2023, hutumiwa sana na waandishi wa habari na ofisi za serikali. Kikundi cha watu ishirini hakihitaji zote. Akaunti mbili zinazojibiwa zinashinda tano zilizolala. Mgeni akikuta habari ya mwisho ni ya miaka miwili iliyopita, atafikiri kikundi kimekufa.

Tatu, kurasa ziwe nyingi, lakini neno liwe moja. Kama kilo ya asali ni shilingi 800 huku na 1,000 kule, mteja atasema hawa ni walaghai. Andikeni kwanza kwenye daftari: habari gani, picha gani, itoke wapi, siku gani. Mmoja aandike, wa pili asome, ndipo itumwe. Facebook na Instagram ni za kampuni moja, Meta, na iko programu yake iitwayo Meta Business Suite. Kwa hiyo mnaweza kutuma habari moja kote kuwili, na hata kuipangia siku na saa ya kutoka. Siku ya soko, mtandao ukishika vizuri, pangeni za wiki nzima. Lakini angalizo: simu moja ikiwa na akaunti yako na ya kikundi, tazama jina lililo juu kabla ya kubonyeza. Mzaha wako au siasa zako zikitoka kwa jina la kikundi, ni wote watakaoulizwa.

Nne, ulinzi. WhatsApp ikitaka kuhakikisha namba yenu, hutuma tarakimu sita. Hizo hazipewi mtu yeyote, hata akijiita ofisa wa kampuni. Anayezipata anaweza kuichukua akaunti, kisha akaanza kuomba pesa kwa jina lenu. Wekeni pia ile namba ya siri ya pili katika mipangilio. Na watangazieni wateja namba moja tu ya kupokea malipo, ili wakiona nyingine washtuke.

Tano, heshima ya watu. Picha ya mtoto anayepokea sare, au mama mgonjwa anayepokea unga, inaweza kuleta msaada, lakini inabaki mtandaoni mtoto akiwa mkubwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu, na kwa mtoto inataka ruhusa ya mzazi au mlezi. Ombeni ruhusa kabla, na mtu akikataa, asinyimwe chochote.

Ndugu zetu, wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, lakini mnunuzi lazima ajue mlango ni upi, na akibisha aitikiwe. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kijibu maswali matatu: tuna akaunti ngapi, nani anaweza kuzifungua, na nani hujibu maswali? Yule kijana aliyewafungulia, mumshukuru mbele ya wote. Kisha mumwongezee wenzake wawili.

Sasa tuulizeni maswali.