Ngoma ya matatu na masikio ya utingo

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Wiki hii nataka tuitazame ngoma moja ambayo sisi wakazi wa Nairobi tunaifahamu hata kabla ya kuiona. Umesimama kituoni, gari lenyewe bado halijakata kona, lakini kifua chako tayari kinatetemeka. Hiyo ni sabufa ya matatu, ile spika kubwa ya sauti nzito iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao.

Wengi wetu hudhani kishindo kile hutokana na amplifaya yenye nguvu nyingi. Si hivyo hasa. Ukiongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka wati 500 hadi wati 1,000, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na abiria hataona tofauti kubwa. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, wahitaji karibu mara 10 ya nguvu uliyokuwa nayo. Mwenye gari anayekwenda Luthuli Avenue kutafuta wati 5,000 badala ya 500, mfuko wake utalia kabla ya spika kulia. Ndiyo sababu mafundi wetu wanategemea njia iliyo rahisi zaidi, nayo ni sanduku.

Hebu tuone sanduku hilo linavyofanya kazi. Chukua chupa tupu ya soda, upulize juu ya mdomo wake. Italia sauti moja, na kila ukipuliza italia sauti ile ile. Hewa iliyo shingoni hucheza kama kitu chenye uzito, na hewa iliyo tumboni hufanya kazi ya springi. Mwanasayansi Mjerumani, Hermann von Helmholtz, aliieleza tabia hiyo katika karne ya 19. Sanduku la sabufa lenye bomba ni chupa hiyo hiyo, ila badala ya mdomo wako inapulizwa na spika. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu zake, na katika miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza. Leo fundi anaweza kujua sanduku litalia vipi kabla hajashika msumeno.

Sasa tazama siri yenyewe. Sanduku lenye lita 60 za hewa, likiwa na bomba la upana wa sentimita 10 na urefu wa karibu sentimita 25, huitikia sauti yenye mitetemo kama 35 kwa sekunde. Likate bomba hilo libaki sentimita 12, na sanduku lile lile litapanda hadi mitetemo kama 45. Hujanunua kitu, umekata bomba tu. Lakini vishindo vya ngoma katika nyimbo nyingi za vijana vimejaa karibu na hapo, na sikio la binadamu, ambalo ni zito kwa sauti za chini, huzisikia sauti za mitetemo 45 vizuri kuliko za 35. Fundi anasifiwa, mwenye gari anafurahi, barabara nzima inatingishika.

Bei yake ni nini? Kwanza ni muziki wenyewe. Kamba nene kabisa ya gitaa la besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Wapenzi wa rumba na benga wanajua kwamba gitaa la besi halisimami mahali pamoja. Hupanda, hushuka, hujibizana na gitaa la solo. Katika sanduku lililotegwa kwa ajili ya kishindo, sauti iliyo karibu na mitetemo 45 huruka kama fahali, na jirani zake hunywea. Mpiga besi kahangaika kutunga, wewe unasikia dumu-dumu-dumu. Pili ni spika. Sauti ikishuka chini ya ile ambayo bomba limetegewa, hewa ya sandukuni haiizuii tena spika, nayo hupwaya na kupiga huku na huku mpaka ichanike. Hapo methali ya wahenga inatimia.

Lakini spika hununuliwa nyingine. Kisichonunuliwa ni sikio, na hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Marekani kuna mashindano ya magari yanayoitwa dB Drag Racing. Huko hawapigi nyimbo. Hupiga sauti moja tu, ile iliyotegewa sanduku, kisha kipimo kinasomwa. Magari makubwa ya mchezo huo yamepita desibeli 170, na katika madaraja ya juu mwenye gari hukaa nje, akaliwasha kwa mbali. Wanajua kwamba ndani si mahali pa mtu. Sisi tumechukua maarifa yale yale ya kutafuta kishindo, tukaweka ndani abiria 14 au 33, dereva, na utingo mlangoni.

Abiria hushuka baada ya nusu saa. Utingo hashuki. Yumo tangu alfajiri hadi usiku, siku sita au saba za wiki. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama wa wafanyakazi, inashauri mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Zikifika 94 ni saa 1. Zikifika 100 ni dakika 15. Kwa haki niseme kwamba besi peke yake, kwa kipimo kile kile, haiumizi sikio kama sauti za juu. Hatari ni kwamba besi ikipandishwa, sauti ya mwimbaji nayo lazima ipandishwe isimezwe, na spika ndogo zilizo karibu na kichwa cha utingo ndizo zinazomaliza kazi. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio la binadamu zikifa hazioti tena.

Tusiseme haiwezekani. Hapa Kenya kanuni za mwaka 2005 zilimkinga mfanyakazi wa kiwandani asikae katika kelele zinazozidi desibeli 90 kwa saa 8. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira. Na mwaka 2004, tulipoambiwa tufunge mikanda na matatu ziwe na vidhibiti mwendo, wengi walicheka, lakini tulifunga.

Najua jibu la wenye magari: matatu isiyo na ngoma vijana hawaipandi. Ni kweli, na biashara ni biashara. Mimi siwaambii mng'oe sabufa. Nawaambia fundi aliache bomba refu, mbao ziwe nene, gundi izibe kila ufa. Halafu mlijaribu sanduku kwa rumba, si kwa kishindo. Ukiweza kulifuata gitaa la besi hatua kwa hatua, umepata sanduku zuri, na kijana atalipanda gari lako kwa sababu muziki wake ni mtamu.

Utingo naye ajipime bila chombo chochote. Ikiwa mwenzako yuko umbali wa mkono na ni lazima umpigie kelele ndipo akusikie, sauti imezidi. Gari likijaa, ya nini kuendelea kuita wateja? Punguza. Dereva pia atakisikia king'ora cha ambulensi, na mama aliye nyuma atasikika anapotaka kushuka.

Na wewe abiria, nauli yako imekupa ulimi. Sema kwa adabu, "Ndugu yangu, teremsha kidogo." Akikukasirikia, mvumilie. Huenda siku moja mwanawe atamwita kwa sauti ya kawaida, naye akageuka.

Kwa leo naishia hapo. Hadi wiki ijayo, kwaherini.