Kasoro za Mashine ya Kukatia Majani Inayofungwa Nyuma ya Trekta

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakuu wa skuli na hospitali, maafisa wanaoshughulikia ununuzi wa vifaa, madereva wa trekta na wananchi kwa jumla.



Kila mvua za masika zinapokaribia kumalizika, viwanja vya skuli, vya hospitali na vya afisi hujaa majani yanayofika magotini, na hapo huulizwa suali lile lile la kila mwaka: itumike mashine gani? Jibu ambalo aghalabu hutangulia mengine ni kwamba madhali trekta ipo, inunuliwe mashine ya kufungwa nyuma yake na kazi imekwisha. Jibu hilo halikosi hoja. Mashine ya namna hiyo ni ngumu, bei yake ni nafuu kuliko mashine yenye injini yake yenyewe, na hufunguliwa kwa muda mfupi ili trekta ikalime au ikavute tela. Hata hivyo, kilicho rahisi kununuliwa si lazima kiwe kinafaa kila mahali, na palipo na watoto, wagonjwa na wapita njia, makosa ya uchaguzi huu hayaishii kwenye fedha.

Inafaa kwanza itazamwe asili ya jambo lenyewe. Mnamo mwaka 1830, fundi mmoja wa Stroud, Uingereza, jina lake Edwin Budding, alisajili uvumbuzi wa mashine ya kukatia majani. Fikra aliipata katika mtambo wa viwanda vya nguo uliokuwa ukisawazisha manyoya juu ya vitambaa vya sufu. Mtu aliyeisukuma mashine hiyo alikaa nyuma, na visu vilikuwa mbele yake. Alichokuwa akienda kukikata alikiona kabla hajakifikia.

Mpangilio wa trekta ulikuja kwa sababu nyingine kabisa. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeufanya ujulikane mfumo wa mikono mitatu ya nyuma ambayo huinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta. Trekta yenye mfumo huo ilianza kuuzwa mwaka 1936, na baada ya mapatano yake na Henry Ford wa Marekani, ikafuata nyingine mwaka 1939. Ferguson alilikusudia jembe. Jembe linapozama ardhini na kuvutwa, uzito wake na upinzani wa udongo huyakandamiza magurudumu ya nyuma, nayo hushika vyema bila ya kuteleza. Mashine ya kukatia majani haizami ardhini wala haivuti udongo. Hiyo huning'inia tu, nyuma ya ekseli, kama mzigo. Kwa hiyo kifaa hiki kimeazima kiti cha jembe, na kasoro zake nyingi zinatokana na kuazima huko.

Kasoro ya mwanzo kuonekana ni ile ya nyayo za magurudumu. Trekta hutangulia, majani hulazwa na mipira, kisha visu hupita juu yake. Majani yaliyolala hayakatiki. Baada ya siku moja au mbili huinuka tena, na uwanja uliokwisha kulipiwa mafuta na mshahara huonyesha mistari miwili ya majani marefu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hali huwa mbaya zaidi majani yakiwa na maji, na katika visiwa hivi wakati wa majani kukua ndio wakati wa mvua. Dereva akitaka kuiondoa mistari hiyo hulazimika kupita mara ya pili akitokea upande wa pili, na dizeli iliyokadiriwa kwa uwanja mmoja hutumika kama kwamba viwanja vilikuwa viwili. Mashine ambayo visu vyake viko mbele ya magurudumu hukata majani yakiwa bado yamesimama, na shida hii haina.

Ya pili inahusu macho na shingo ya dereva. Dereva wa trekta hana budi kutazama mbele, la sivyo atagonga mti. Papo hapo hana budi kutazama nyuma, kwani kazi anayoifanya iko nyuma. Hugeuka, hurudi, hugeuka tena, kwa saa nyingi. Shingo na mgongo vinapochoka, dereva huchagua upande mmoja wa kutazama, na upande huo kwa kawaida huwa ni wa mbele. Kuanzia hapo mashine hukata bila ya kuangaliwa na mtu. Jiwe la matumbawe lililojitokeza, kifuu cha nazi, kipande cha waya, au kamba ya mbuzi aliyefungwa na mwenyewe tangu asubuhi: vyote hivyo hupita kwanza chini ya tumbo la trekta ambako havionekani, na dereva huvitambua kwa mshindo tu.

Mshindo huo si jambo la kupuuzwa. Kisu chenye sentimita 75 tangu kitovu hadi ncha, kikizunguka mara 1000 kwa dakika, ncha yake huenda mita 78 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe linalopigwa kwa kasi hiyo huweza kuruka makumi ya mita na kumfikia mtu ambaye hata hakujua kwamba kuna kazi inayofanyika. Ni kweli kwamba mashine zote za visu vya kuzunguka hurusha mawe, zikiwamo zile ndogo za kusukumwa kwa mkono. Tofauti ni kwamba anayesukuma mashine ndogo huliona jiwe, husimama akaliokota, ilhali aliyeko juu ya trekta amekwisha kulipita. Minyororo au mipira inayoning'inizwa kuizunguka mashine ndiyo kinga dhidi ya mawe hayo, nayo ndiyo kitu cha mwanzo kukatika na cha mwisho kubadilishwa.

Linafuata suala la kugeuka. Kwa kuwa mashine iko mbali nyuma ya ekseli, trekta ikipinda kulia mkia wa mashine hupepea kushoto. Dereva mgeni huipitisha pua ya trekta salama kando ya ukuta, kisha akaubomoa kwa mkia. Miti ya kivuli katika viwanja vya skuli huchubuliwa magome kwa namna hii, na minazi michanga hung'olewa kabisa. Ikiwa ni ukuta, ukuta utajengwa; lakini mtoto aliyesimama kando, akiamini kwamba trekta imekwisha kumpita, yumo katika hatari hiyo hiyo.

Kisha ni uzito. Mashine ikiinuliwa juu ili trekta ivuke mtaro au ipande barabarani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza utiifu. Mafundi hufuata kanuni kwamba ekseli ya mbele isibebe chini ya sehemu moja katika tano za uzito wa trekta, na pale inapopungua huongezwa vyuma vya uzito mbele. Katika ardhi tambarare ya Unguja dereva aweza kuishi na kasoro hii kwa muda mrefu. Pemba, yenye vilima na mabonde yake, trekta inayopanda mteremko ikiwa na mzigo mzito ulioinuliwa nyuma huweza kunyanyua pua, na dereva aliyepinduliwa na trekta isiyo na fremu ya kinga mara chache husimulia.

Ardhi isiyo sawa huleta tatizo jingine. Magurudumu ya nyuma yakiingia katika shimo, mashine hushuka na kuinyoa ardhi hadi udongo mtupu. Yakipanda kichuguu, mashine huinuka na kuyaacha majani. Mashine iliyofungwa chini ya tumbo la trekta, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huyumba kidogo sana, na ile inayovutwa ikiwa na magurudumu yake yenyewe huifuata ardhi vizuri, ijapokuwa kuirudisha nyuma ni taabu. Uwanja wa mpira ukinyolewa hivyo mara tatu nne, majani hayaoti tena pale, na mvua ikija udongo huchukuliwa na maji.

Jambo ambalo madereva wazee wanalijua na vijana hulijua kwa bahati mbaya ni lile la klachi. Katika trekta za zamani, shafti inayotoa nguvu kwenda kwenye mashine imeunganishwa na gia za mwendo. Dereva anapokanyaga klachi ili asimame, injini huachia, lakini visu vizito vilivyokuwa vikizunguka haviachii. Nguvu yake hurudi kupitia shafti na kuyasukuma magurudumu. Trekta huendelea kwenda mbele ilhali dereva amekanyaga klachi. Kipo kiungo maalumu kinachofungwa katika shafti ili visu vizunguke peke yake bila ya kuisukuma trekta, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na ya ukuta. Mkuu wa kituo anayepokea trekta ya umri mkubwa pamoja na mashine ya nyuma anastahiki kuuliza, kabla ya kutia saini, iwapo kiungo hicho kimo.

Shafti yenyewe huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa kila sekunde. Kanzu, ncha ya kanga, mkono mrefu wa shati, chochote kikinaswa, hapana nguvu ya binadamu inayoweza kukirudisha. Kifuniko cha shafti kisiondolewe kwa kisingizio cha kurahisisha kutia grisi, na mtu asishuke kutazama kilichokwama hali injini inanguruma. Aidha, mashine ikiinuliwa juu sana huku inazunguka, pembe ya shafti huwa kali na viungo vyake hukatika. Vipuri hivyo si vya kupatikana siku ile ile.

Pamoja na hayo yote, si haki kusema kwamba mashine ya nyuma haifai popote. Kando ya barabara ndefu, katika mashamba ya minazi yaliyopandwa kwa nafasi, na katika mabonde yaliyoachwa bila ya kulimwa, ni chombo cha kutegemewa. Hufyeka magugu na vichaka ambavyo mashine ya bustani ingevunjikia humo. Baadhi ya madereva huirudisha kinyumenyume ndani ya kichaka ili visu vitangulie mipira. Hilo hufanyika, na hukata vizuri, lakini lisifanyike pasipo na mtu mwengine wa kuangalia nyuma.

Kwa uwanja wa skuli au wa hospitali, wenye miti, mitaro, vijia na watu, hesabu ni nyingine. Hapo mashine ndogo ya kusukuma yenye injini ya petroli, au ile ya kuning'iniza begani, hufika kwenye kona na chini ya madirisha ambako trekta haifiki kabisa. Palipo na eneo kubwa na fedha, mashine ya kupanda yenye visu mbele au tumboni ndiyo inayofaa. Na fyekeo, ambalo baadhi ya maafisa wameanza kulionea haya, halihitaji petroli wala kipuri, na watu wanne wanaolijua huumaliza ua wa afisi kabla jua halijakuwa kali. Kosa linalorudiwa ni kuagiza mashine ya nyuma kwa ajili ya viwanja hivi kwa sababu tu trekta imeegeshwa bila ya kazi, kisha wakaajiriwa watu wa mafyekeo kumalizia pembezoni. Gharama hulipwa mara mbili na majani hubaki vile vile katika mistari ya mipira.

Pale ambapo mashine ya nyuma imekwisha kununuliwa na hapana nyingine, uwanja na utembelewe kwa miguu siku ya kazi, mawe na vifuu viokotwe, wenye mbuzi waarifiwe kupitia kwa Sheha tangu jana yake, na kazi ifanywe wakati ambapo wanafunzi wamo madarasani au wamekwisha kurudi nyumbani. Majani yakatwe yakiwa makavu, mapema kabla hayajawa marefu, na kwa gia ndogo. Jioni mashine ishushwe mpaka iguse ardhi kabla injini haijazimwa. Isiachwe ikining'inia usiku kucha kwa kutegemea mafuta ya mikono, kwani mafuta hayo hupungua nguvu polepole, na banda la trekta ni pahala ambapo watoto hupenda kucheza.