Njia Ziachwe Kabla ya Nyumba

Hotuba ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika, Mashewa



Tumeombwa tuseme juu ya miji inavyokua na kutapakaa. Mtauliza, Mashewa na mji wapi na wapi? Lakini miji mingi ilianza hivi hivi: barabara moja, maduka pande mbili, na nyuma yake mashamba yanayouzwa vipande vipande. Kila anayenunua hujenga, na mwisho watu hupita kwa kuombana uani.

Mfano tunao hapa nchini. Miaka ya 1970 na 1980 Serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja katika miji 7, Tanga ukiwemo. Dar es Salaam, eneo la Sinza lilipimwa kwanza, mitaa ikachorwa, ndipo watu wakajenga. Manzese, jirani tu na hapo, watu walikuwa wameshajenga. Mradi ukapitisha huduma palipopitika. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walikuta kwamba maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu yana nyumba kubwa zaidi, zilizojipanga, zenye maji, umeme na barabara kuliko maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati ule. Yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonekana kuwashinda majirani hao. Wala msiseme ni kwa sababu walihamia wasomi. Hilo nalo lilitazamwa, na tofauti ya elimu ilikuwa ndogo mno.

Tena haitoshi kuwa na njia, lazima ipenye. Utafiti wa mwaka 2020, uliotumia ramani za mitaa ya dunia nzima, ulionyesha kuwa mitaa isiyotokea upande wa pili imeongezeka sana katika miji mingi. Mtaa wa namna hiyo humfanya mtu azunguke mbali kumfikia jirani wa ukuta kwa ukuta, na mgonjwa abebwe hadi gari lilipoishia. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, lakini kuhamisha mtaa ni fidia na kesi.

Tunajua ugumu uko wapi. Mwenye shamba akiachia mita chache za njia huona ameibiwa, hasa kama jirani yake hakuachia. Kwa hiyo wakubaliane wote kwa pamoja, mbele ya serikali ya kijiji, kila mmoja atoe sehemu yake. Sharika zenye ardhi zianze zenyewe. Hatuwezi kuwahimiza wengine huku sisi tunauza mpaka ukingoni.

Kwa wafadhili: jengo hupendeza kwenye picha, bikoni haipendezi. Hata hivyo safari hii tunaomba fedha za mpima ardhi.

Kila kamati ilete mchoro, hata wa penseli, unaoonyesha njia za miguu zinazotumika sasa, zikiwemo za kwendea kisimani na shuleni. Tutaanzia hapo tukienda kwa afisa ardhi wa wilaya.