Kwa Nini Tumsomeshe Kijana Biashara ya Kimataifa?

(Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na wageni wa sharika rafiki, katika mkutano wa mfuko wa elimu.)



Katika mkutano uliopita mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema: "Mfuko wetu unasomesha wauguzi, walimu na mafundi, na matunda yake tunayaona. Huyu binti mnayetaka tumlipie mwaka wa tatu wa uchumi, eti anasoma nadharia na sera za biashara ya kimataifa, atatusaidia nini sisi wakulima wa alizeti?" Leo tunaomba kulijibu, na jibu letu linaanza na kosa letu wenyewe.

Kosa letu

Mnakumbuka mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipamba moto mwezi Februari, na Ukraine na Urusi ndizo zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Aprili mwaka huo Indonesia, inayoongoza kwa mawese, nayo ikazuia mafuta yake kutoka nje ya nchi kwa wiki kadhaa. Bei ya mafuta ya kula ikapanda kila mahali.

Sisi wa ofisi ya miradi tukaona neema. Tulizunguka sharika, tukagawa mbegu bora kwa mkopo, tukaviambia vikundi vya akina mama na vijana: "Panueni mashamba, bei mmeiona wenyewe." Wapo waliopunguza uwele na mtama ili waongeze alizeti.

Mavuno ya 2023 yalipofika, bei ilikuwa imeanguka. Vikundi kadhaa vilishindwa kurejesha mkopo wa mbegu. Mama mmoja alitufuata ofisini akauliza ada ya mwanawe itatoka wapi, kwa kuwa debe la mtama alilokuwa akiuza kila mwaka safari hii hakulilima. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia ni walanguzi.

Hatukusema kweli, ingawa hatukujua kwamba tunasema uongo. Kweli ni kwamba serikali ilikuwa imelegeza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ili kumpunguzia mlaji makali ya bei, na bei ya mawese duniani ilikuwa imeanza kushuka tangu katikati ya 2022. Mambo hayo yalitangazwa hadharani, nasi tulikuwa na redio na magazeti kama watu wengine. Hata kama tungeyasoma, hakuna mtu ofisini kwetu ambaye angejua yana maana gani kwa mama aliyeko shambani.

Binti huyu alikuja kufanya mafunzo kwa vitendo ofisini mwetu muda mfupi baadaye. Tulimweleza yaliyotupata. Akachukua chaki, akachora mistari miwili ubaoni, akatuonyesha kwa nini bei ilianguka. Alitumia kama nusu saa. Tuliona aibu, lakini tulijifunza.

Kinachofundishwa darasani

Somo hili kwa kawaida hufundishwa mwaka wa pili au wa tatu wa shahada ya uchumi, baada ya mwanafunzi kupita misingi ya uchumi na hesabu. Lina sehemu mbili: nadharia, yaani kwa nini nchi zinafanya biashara na nani anafaidika, na sera, yaani ushuru, mikataba na sheria.

Nadharia huanzia kwa David Ricardo wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1817. Alitoa mfano wa nchi mbili na bidhaa mbili. Ureno ilihitaji kazi ya watu 90 kwa mwaka kupata kiasi fulani cha nguo, na ya watu 80 kupata kiasi fulani cha mvinyo. Uingereza ilihitaji watu 100 kwa nguo zile zile na 120 kwa mvinyo ule ule. Ureno ni hodari zaidi kwa vyote viwili. Je, ina haja gani ya kununua kitu Uingereza? Ricardo alionyesha kwamba inayo. Ureno ikitoa mvinyo uliotumia watu 80 inapata nguo ambazo zingetumia watu wake 90. Uingereza nayo ikitoa nguo za watu 100 inapata mvinyo ambao ungetumia watu wake 120. Zote mbili zimeokoa nguvu. Ndiyo wanayoiita faida linganishi. Hata hapa kijijini mwalimu anaweza kuwa hodari kuliko jirani yake katika kufundisha na hata katika kufyatua matofali, lakini bado inamfaa amlipe jirani afyatue, yeye aingie darasani.

Wataalamu wawili wa Sweden, Eli Heckscher na Bertil Ohlin, waliendeleza hoja hiyo katika karne iliyopita. Walisema nchi huuza kile kinachotumia zaidi kilicho tele kwake, iwe ardhi, mitaji au nguvu ya watu. Mwaka 1941 Wolfgang Stolper na Paul Samuelson wakaongeza jambo ambalo tunaomba kila mjumbe aondoke nalo leo: nchi nzima inaweza kupata faida kwa biashara, na bado kundi fulani ndani ya nchi hiyo likapata hasara ya kweli. Faida ya nchi haigawanyiki yenyewe. Nani apate, na nani afidiwe, ni uamuzi wa watu.

Somo lenyewe halifichi udhaifu wake. Mfano wa Ricardo unachukulia kwamba mtu akiacha kazi moja anahamia nyingine bila shida. Mwenye ekari tatu aliyekwisha kupanda hawezi kuhama katikati ya msimu. Mwaka 1950 Raúl Prebisch na Hans Singer walionya pia kwamba nchi zinazouza mazao ghafi huelekea kuona bei ya mazao yao ikidorora ikilinganishwa na bidhaa za viwandani wanazonunua. Mwanafunzi hupimwa kwa kujua hoja zote mbili na kuzipima kwa takwimu.

Ushuru unavyofika shambani

Sasa tuje kwenye mistari miwili ya ubaoni. Tuchukue mfano wa darasani tu: lita ya mafuta yaliyosafishwa inafika bandarini kwa shilingi 3,000. Ushuru ukiwa asilimia 35, itaingia sokoni kwa 4,050. Ukishushwa hadi asilimia 10, itaingia kwa 3,300. Tofauti ni shilingi 750 kwa kila lita. Mkamuaji wa alizeti wa hapa nchini, anayeshindana na lita hiyo, hawezi kuuza kwa bei ya juu ya ile, na kwa hiyo atampa mkulima bei ndogo kwa gunia.

Lakini shilingi 750 hizo mlipaji wake ni nani? Ni mama lishe, ni mjane anayenunua mafuta ya kupima, ni shule zetu za bweni. Hao nao ni washarika. Ushuru ukipanda mkulima anapumua na mnunuzi anabanwa; ukishuka inakuwa kinyume. Hatuwezi kusimama hapa tukasema ushuru mkubwa ni mwema siku zote kwa kuwa sisi ni wakulima. Tunachoweza kusema ni kwamba serikali inapotaka kumpunguzia mlaji, ambalo ni jambo jema, mtu awepo wa kuuliza: na aliyekwisha kupanda atafanyiwa nini?

Kuna jambo la pili alilotuonyesha binti huyu ambalo sisi tulilipita bila kuliona. Kitabu cha ushuru kinatenganisha mafuta ghafi na yaliyosafishwa. Mwaka 2018 Tanzania ilipandisha ushuru hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa. Mtu anayesikia "ushuru wa mafuta umepanda" hushangilia. Lakini kama mafuta yaliyosafishwa yana ushuru mkubwa na mawese ghafi yanaingia kwa ushuru mdogo au bila ushuru, anayelindwa ni mwenye kiwanda cha kusafishia, ambaye ataagiza mawese ghafi na hana haja ya kutafuta alizeti. Mkulima hajalindwa. Ni lazima kutazama namba zote mbili. Mawese yako kifungu cha 15.11 na alizeti iko 15.12, katika sura ya 15.

Jambo la tatu ni kalenda. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vitatu vya pamoja: asilimia 0, 10 na 25. Tangu Julai 2022 kuna kiwango cha nne cha asilimia 35. Nchi mwanachama inaweza kuomba kutofuata kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Maombi hayo huamuliwa mawaziri wa fedha wanapokutana kabla ya bajeti, bajeti husomwa Juni, na viwango huanza tarehe 1 Julai. Sisi tunapanda Desemba na Januari, tunavuna kuanzia Mei. Maana yake mkulima anapanda bila kujua ushuru utakaokuwepo siku ya kuuza. Mwaka 2023, baada ya kilio cha wakulima na wabunge wao, ushuru ulipandishwa tena. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuuza.

Mwenye kauli kwa mkulima anatakiwa kuitoa kabla ya mikutano hiyo, ikiwa imeandikwa na ina hesabu. Malalamiko ya Agosti hayabadilishi kitu mpaka mwaka unaofuata.

Tunachoomba

Hatutaki kuwaahidi mambo makubwa. Msomi mmoja hatapandisha bei ya gunia. Ukraine na Indonesia hazitamsikiliza. Pia tunajua hofu yenu nyingine: tunaweza kumsomesha kijana akaajiriwa benki mjini asirudi tena. Imewahi kutokea kwa wauguzi na walimu tuliowasomesha, na inaweza kutokea hapa. Kwa sababu hiyo tunaleta maombi haya kwa pamoja:

Kwanza, mfuko umlipie binti huyu ada ya mwaka wa tatu kama ulivyolipa miaka miwili ya kwanza, na uchumi wa biashara uingizwe katika orodha ya masomo yanayostahili msaada.

Pili, atie sahihi kulitumikia shirika kwa miaka miwili baada ya kuhitimu, au arejeshe ada kidogo kidogo. Yeye mwenyewe amekubali.

Tatu, kila Julai ofisi yetu itapeleka kwa kila usharika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: ushuru gani umebadilika, kwa zao gani, na unamgusa nani. Usomwe kwenye matangazo baada ya ibada. Na kila Aprili tupokee maoni yenu, tuyapeleke kwa wabunge wetu mapema.

Nne, ofisi yetu haitagawa tena mbegu kwa mkopo kwa kutazama bei ya mwaka uliopita peke yake. Vikundi vitaambiwa pia kinachoweza kushusha bei, na vitashauriwa kubakiza sehemu ya shamba kwa chakula.

Wageni wetu wafadhili, tunajua kisima kinapigwa picha na jengo linazinduliwa. Elimu hii haina cha kuzindua. Lakini mikopo ya mbegu ya 2022 ilitokana na michango yenu pia, na sehemu yake ilipotea kwa kuwa hatukuwa na mtu wa kusoma kitabu cha ushuru. Ada ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko hasara ile, na hesabu zake mtazikuta kwenye taarifa ya fedha mliyogawiwa.

Mzee wetu aliyeuliza swali yupo hapa leo. Tunamshukuru kwa kutuuliza, na tunaomba awe wa kwanza kuchangia kabla wajumbe hawajapiga kura.