Benki Ishuke Upwani

Mheshimiwa Mwenyekiti, masheikh wetu, viongozi wa benki, wafanyabiashara wa Ngamiani hapa Tanga, wakulima na wavuvi mliotoka Muheza, Pangani na Mkinga, mabibi na mabwana, semina hii ninayoifungua inahusu benki za Kiislamu.

Benki ya Amana ilipoanza kazi Novemba 2011, ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu. Waliokuwa wakificha akiba nyumbani kwa kuogopa riba walipata pa kwenda. Leo haiko peke yake: Benki ya Watu wa Zanzibar nayo inatoa huduma za Kiislamu, na benki ya CRDB ilianzisha zake, Al Barakah, mwaka 2021. Kwa hiyo neno "halali" mlangoni halitoshi tena kumvuta mteja.

Duniani kote, benki za Kiislamu zimeegemea sana murabaha: benki inanunua pikipiki au mabati, inakuuzia kwa faida mliyokubaliana, unalipa kidogo kidogo. Ni njia nzuri. Lakini hapo mteja hulinganisha bei tu na mkopo wa kawaida; akikuta yenu, viongozi wa benki, iko juu, mmempoteza.

Nguvu yenu iko kwingine. Mkulima wa machungwa Muheza, ada ya shule ikimbana, huuza matunda yangali mabichi mtini, kwa bei aitakayo mnunuzi. Fiqhi inalo jibu, nalo ni salam. Benki inamlipa fedha zote leo. Yeye anaahidi machungwa ya aina, kiasi na tarehe inayojulikana. Mvuvi wa Sahare naye anaweza kuingia musharaka, akamiliki boti pamoja na benki: faida wagawane kwa mapatano, hasara kila mmoja aibebe kwa kadiri ya mtaji wake.

Ni kweli, machungwa huoza na bahari huchafuka. Basi ajirini watu wanaolijua shamba na bahari, tafuteni soko kabla ya mavuno, wekeni takafuli, yaani bima ya Kiislamu. Ujuzi huo mshindani hawezi kuuiga kwa tangazo. Na faida itafutwe bila haya, maana isipopatikana, mwenye amana hana cha kugawiwa.

Wazee walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Viongozi wa benki, nawaomba mshuke upwani.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba semina hii imefunguliwa.